Mshipa Uliopotea Njia Moyoni Mwangu

Nyinyi wazazi mliokaa na watoto wenu hapa kliniki, nimeambiwa nizungumze nanyi kwa kuwa nina kovu. Nitawaonyesha baadaye, msijali. Naitwa Rashidi Kinoti. Wengi wenu mmekula nyama yangu hapa mjini Meru bila kunijua. Baba yangu alikuwa Mmeru aliyesilimu alipokuwa akifanya kazi kwa wafanyabiashara Waislamu, na mama alitoka Igoji. Nililelewa kwenye bucha, katikati ya kwato na ngozi, na kufikia ujana wangu niliweza kubeba paja la ng'ombe kutoka machinjioni hadi dukani bila kulitua.

Lakini kifua changu kilikuwa na kelele. Tangu nikiwa mtoto, mtu akiniwekea sikio hapa upande wa kushoto, alisikia mvumo usiokatika. Si tu-tu, tu-tu kama moyo wa mtu mwingine. Ulikuwa mvumo mmoja mrefu unaopanda na kushuka, kama kinu cha posho kikisikika kutoka ng'ambo ya mto. Nyanya yangu alisema ni njuki, yaani nyuki, wamejenga ndani yangu. Watoto wa mtaa walipanga foleni kunisikiliza. Mimi sikuona ajabu. Nilidhani kila mtu ana mvumo wake, ila wa wengine ni wa chinichini.

Nikaoa. Mke wangu Zainabu aliposikia mvumo ule mara ya kwanza aliinua kichwa akanitazama.

"Hii ni nini, Rashidi?"

"Ni mimi tu," nikamwambia.

Tukacheka, yakaisha.

Kisha ikaja Imajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Wazee wachache waliobaki wanajua neno hilo. Kafyu, vijiji vya kulazimishwa, homugadi, yaani mgambo wa serikali, mlangoni, na kitabu cha pasi, maana bila hicho Mmeru, Mwembu au Mkikuyu hawezi kwenda popote. Kazi yangu ilikuwa ngumu kwa sababu ng'ombe hawakuja tena sokoni kama zamani. Ilibidi niwafuate mashambani kwa ruhusa.

Ni wakati huo mwili ulipoanza kunikataa. Kwanza pumzi. Nikipanda kile kilima cha kutoka machinjioni nililazimika kusimama katikati, nikijifanya natafuta kitu mfukoni. Halafu maumivu. Mnajua ngozi mbichi ikifungwa kwenye mti na kuachwa juani, inavyokauka na kukaza? Ndivyo kifua changu kilivyokazwa kila nilipobeba mzigo. Nikikaa, kamba inalegea. Nikiinuka kufanya kazi, inakaza tena. Miguu ikavimba jioni, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Nikawa silali ila nimeegemea gunia la pumba, maana nikilala chali nilihisi kama nazama majini.

Mama yangu alisema nimerogwa na wenye wivu wa biashara. Nilipigwa chuku kifuani na mgongoni, damu nyeusi ikatoka kwenye pembe, na kwa siku chache nilihisi nafuu. Nikanywa kombe, maji yaliyooshea aya za Kurani. Siyadharau mambo hayo, yalifanywa kwa mapenzi. Ila ule mvumo haukupungua, na maumivu yakarudi na nguvu mpya.

Siku moja nilipata ruhusa ya kwenda Kibirichia kununua dume kwa Mama Kendi. Alikuwa mjane, Mkristo mcha Mungu, mkulima wa viazi, na ng'ombe wake walikuwa na mafuta mazuri. Nilipofika nikakuta kijiji kizima kimetolewa kwenda kuchimba handaki kando ya msitu, ili wapiganaji wa msituni wasipate njia ya chakula. Homugadi aliyekuwa zamu hakutaka kusikia habari za dume.

"Una mikono?" akaniuliza.

"Ninayo."

"Basi chukua jembe."

Baridi ya Kibirichia mnaijua. Hata hivyo jasho lilinitoka kama maji. Nilichimba nikiwa kando ya Mama Kendi, naye alinitazama kwa pembe ya jicho. Ile kamba ya ngozi ilikaza, ikapanda mpaka taya, ikashuka mkono wa kushoto. Nikatapika. Nikaanguka kifudifudi kwenye udongo mbichi, na homugadi akanipiga teke la mbavu.

"Amka, mnafiki!"

Mama Kendi akatupa jembe lake chini. "Mtazame uso! Amekuwa rangi ya majivu, unampiga nini? Ukitaka kupiga, nipige mimi."

Homugadi akanitazama, akageuka akaenda zake. Mama Kendi na wanawake wengine waliingiza miti miwili kwenye magunia ya viazi, wakanibeba mpaka barabarani. Lori la viazi likanifikisha hospitali ya misheni nikiwa nimelala juu ya mzigo, natazama mawingu na kufikiri, hivi ndivyo mtu anavyokufa, akiwa amepakiwa pamoja na viazi.

Daktari wa pale alikuwa mama wa Kizungu, mwembamba, mcheshi. Wagonjwa walimpa jina la Makena, yaani mwenye furaha. Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha lakini hakuona haya kukitumia. Akaniwekea kipimo kifuani, na furaha yote ikamtoka usoni. Haikugeuka huzuni. Alikuwa kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa mbali. Akahamisha kipimo juu, chini, upande, nyuma ya bega. Akafumba macho.

"Mvumo huu uko siku gani?" akauliza.

"Siku zote, daktari. Nimezaliwa nao."

Akaniambia hivi. Mtoto akiwa tumboni hapumui, kwa hiyo kuna mfereji mdogo unaopitisha damu kando ya mapafu. Akizaliwa, mfereji unajifunga. Wengine haujifungi, na damu inapita pale ikivuma maisha yote. Alidhani huo ndio ugonjwa wangu. Ila kuna kitu kilimsumbua.

"Mfereji ule nasikia hapa, juu, chini ya mtulinga," akasema, akinigusa. "Wako unakaa chini zaidi. Kwa nini unakaa chini?"

Nikamwambia sijui. Akacheka. "Mimi pia sijui."

Picha ya eksirei ilionyesha moyo wangu umekuwa mkubwa kupita kiasi. Akasema Nairobi kuna daktari wa kupasua vifua, ambaye kazi yake hasa ni mapafu ya wagonjwa wa kifua kikuu, lakini amewahi kufunga mifereji kama hiyo. Bila kupasuliwa, moyo utachoka tu. Hakunificha.

Kupata pasi ya Nairobi kwa kijana wa Kimeru wakati ule ilikuwa kama kuomba mvua kiangazi. Nairobi ilikuwa imefagiliwa, watu wetu wamejazwa kambini. Afisa wa wilaya alikataa. Daktari Makena akarudi tena, akakaa kwenye benchi la ofisi mpaka wakachoka kumwona. Nikapewa pasi, kwa sharti kwamba anipeleke yeye mwenyewe kwa Landirova yake na Zainabu abaki.

Zainabu alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Akanifunga leso yake kiunoni, ndani ya shati.

"Bucha nitaifungua mimi," akasema.

"Mwanamke kwenye bucha? Watu watasema."

"Waseme wakiwa wameshika nyama."

Tulipitia Embu, tukalala kwa jamaa zangu Waislamu kwa sababu ya kafyu, asubuhi tukaendelea. Kabla ya kufika Thika tukakuta kizuizi. Wanaume wote wa makabila yetu waliteremshwa, tukachuchumaa kando ya barabara mikono kichwani. Mbele kulikuwa na mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Tulimwita gakunia. Unapita mbele yake, akitikisa kichwa umepona, akiinamisha kichwa unapakiwa kwenye lori, na nyumbani hawatajua uliko. Daktari Makena alikuwa akibishana na afisa, lakini afisa alimwambia kila mtu atasubiri zamu yake.

Kuchuchumaa kulinikata pumzi. Kamba ilianza kukaza. Askari kijana wa Kiafrika alikuwa akitupapasa mmoja mmoja kutafuta silaha. Akafika kwangu, akapitisha kiganja kifuani, na mara akakiondoa kama aliyegusa jiko.

"Umeficha nini humu?"

"Ni moyo, afande."

"Moyo gani unatetemeka hivi?"

Akaweka kiganja tena, polepole. Maana mvumo ule haukuwa wa kusikia tu, ulishikika mkononi, kama paka anavyokoroma ukimgusa. Askari akamwita afisa wake. Afisa, Mzungu mwenye masharubu mekundu, akavua glavu akanigusa naye. Akasimama pale, barabara nzima ikisubiri, kichwa amekiinamisha upande. Kwa muda ule hatukuwa adui wawili. Alikuwa mtu anayetaka kujua kuna nini ndani.

"Na wanaweza kuutengeneza?" akamwuliza Daktari Makena.

"Tunakwenda kujua."

Akatupungia mkono tupite. Sikupita mbele ya gunia. Wale niliowaacha wamechuchumaa, sijui walifika wapi, na mpaka leo nawaombea dua.

Hospitali ya Nairobi, daktari wa vifua alikuwa mrefu, hacheki. Kiswahili hakukijua. Aliyenitafsiria alikuwa msaidizi wake, daktari kijana Mgoa aliyezaliwa papo hapo Nairobi, jina lake Daktari Lobo. Wakanisikiliza kwa zamu. Wakanifunga nyaya mikononi na miguuni, mashine ikachora mapigo ya moyo kwenye karatasi. Wakasikiliza tena. Yule mrefu akasema jambo kwa sauti ya chini.

"Anasema mvumo wako unamsumbua," Lobo akanitafsiria. "Unakaa chini kuliko anavyotarajia. Anataka kujua unatoka wapi."

"Mwambie hata mimi nataka kujua," nikasema. "Nimekaa nao tangu kuzaliwa."

Yule mrefu akanitazama machoni kwa mara ya kwanza.

Nikauliza, "Na ukifungua ukakuta kitu usichokijua?"

Jibu lake silisahau. "Nitakitazama vizuri. Kama naweza kukifunga salama, nitakifunga. Kama siwezi, nitafunga kifua na nitakuambia ukweli. Na unaweza kufa mezani. Hilo pia ni ukweli."

Niliomba nafasi nifikirie. Nilikuwa peke yangu, bila mke, bila mzee wa kushauriana naye. Niliogopa sana, nisiwadanganye. Mimi ni mchinjaji, najua kifua kikishafunguliwa kinafananaje. Lakini nilijua pia kwamba kilima cha machinjioni sitakipanda tena nikibaki hivi. Nikaweka dole gumba kwenye karatasi yao.

Walinidunga sindano ya mkono, wakaniwekea kifuniko puani. Nikaanza kusoma sura ya Kulhuwallahu. Sikufika mwisho.

Nilipozinduka, kitu cha kwanza hakikuwa maumivu. Kilikuwa kimya. Nilidhani nimekuwa kiziwi. Nikasikia kikombe kikigonga sahani upande wa pili wa wadi, nikajua masikio ni mazima. Kilichonyamaza ni kifua. Nikalia, na kilio kikafungua mlango wa maumivu, ndipo nikajua nimepasuliwa kutoka chini ya chuchu mpaka nyuma ya kwapa. Mpira ulitoka ubavuni ukaingia kwenye chupa chini ya kitanda, maji mekundu yakishuka polepole. Muuguzi alinilazimisha kukohoa nikiwa nimekumbatia mto. Kukohoa kule kulikuwa kama kupasuliwa upya. Baadaye homa ikanipanda, maji yakajaa upande wa kushoto, wakanichoma sindano ndefu mgongoni kuyatoa. Kuna asubuhi nilimwambia Daktari Lobo waniache nife. Akajibu kwamba kwanza lazima anieleze walichokuta, kisha nitaamua.

"Tulitafuta ule mfereji," akasema. "Tukaupata. Umejifunga vizuri kabisa, umekuwa kama uzi. Hauna kosa. Na mvumo bado upo, tunaushika kwa vidole. Halafu mkubwa wangu akafungua mfuko unaofunika moyo. Pale mbele, juu ya moyo wenyewe, kuna mshipa mnene umejipindapinda kama mnyoo. Ndio uliokuwa unavuma."

"Mshipa wa nini?"

"Wa moyo. Moyo una mishipa yake."

"Ile inayopita kwenye mafuta, juu ya moyo? Sisi huikata tukisafisha."

Lobo akakaa kitandani kwangu bila kukaribishwa. Kesho yake alikuja na moyo wa ng'ombe, ameufunga kwa gazeti. Muuguzi mkuu akapiga kelele, "Daktari, hii ni wadi, si bucha!" Akasihi apewe muda mfupi. Akanipa kisu kidogo, maana alisema mkono wangu umezoea.

Nimeshika mioyo mingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, lakini siku ile ndiyo niliuona moyo. Alinionyesha mshipa mkubwa unaotoka juu, na pale mwanzoni kabisa vijitundu viwili. Kutoka hapo mishipa miwili inatoka, inashuka juu ya nyama ya moyo na kugawanyika kama mizizi.

"Damu yote ya mwili inapita ndani ya moyo," akasema, "lakini nyama yake hailishwi na hiyo inayopita. Inalishwa na hii mishipa ya nje."

"Kama mpishi wa harusi," nikasema. "Anapakulia wageni wote, yeye sahani yake inaletwa kando."

"Hasa! Sasa wako, tangu tumboni, mshipa mmoja ulitoa tawi lisilotakiwa, likaenda kujiunga na mshipa wa mapafu. Ni njia ya panya. Huko nguvu ya damu ni ndogo, kwa hiyo damu inakimbilia huko badala ya kulisha nyama. Ukifanya kazi nzito, moyo unalia njaa."

Ile kamba ya ngozi kumbe ilikuwa njaa. Nilikaa na moyo wa ng'ombe mkononi, nikaugeuza. Nikauliza, "Mlijuaje kwamba mkilifunga tawi hilo sitakufa? Labda moyo ulikuwa umelizoea."

"Hatukujua. Mkubwa wangu alilibana kwa vidole kwanza. Mvumo ukakata papo hapo. Akabaki amelibana, sote tukatazama rangi ya nyama. Ingekuwa nyeusi angeachilia. Ikabaki nyekundu. Ndipo akaomba uzi wa hariri akalifunga."

Baada ya siku hiyo sikuzungumza tena habari ya kufa. Nilikohoa nilipoambiwa nikohoe. Homa ikashuka. Nikajifunza kutembea kutoka kitandani mpaka dirishani, kisha mpaka uani.

Nilirudi Meru mwembamba kama fito. Zainabu alikuwa nyuma ya meza ya bucha, shoka mkononi, na wateja walikuwa wengi kuliko nilivyowaacha. Alinawa mikono, akaja, akaweka sikio kifuani kwangu mbele ya watu wote. Kisha akaanza kunigombeza kwa kukonda. Kwa majuma mengi alilalamika kwamba hawezi kulala, nyumba imekuwa kimya mno. Mama Kendi nilimpelekea figo na maini. Akanirudishia viazi, akasema alichofanya hakikuwa cha kulipwa.

Mwaka uliofuata niliitwa Nairobi kukaguliwa. Nikamkuta yule daktari mrefu na mama mmoja wa Kimbeere kutoka upande wa Embu, ana binti amevimba miguu, na mama amekataa katakata mtoto wake kupasuliwa. Daktari akanionyesha kwa mkono nivue shati. Yule mama akasogea. Akapitisha kidole juu ya kovu lote, polepole, mpaka nyuma ya kwapa.

"Uliumwa?" akaniuliza.

"Niliumwa sana, mama. Nilitaka kufa."

"Na sasa?"

"Sasa nachinja ng'ombe."

Akaniuliza maswali mengine mengi. Wanakata mfupa? Walikuta nini? Unaweza kuzaa? Nikajibu yale niliyoyajua, na yale nisiyoyajua nikasema siyajui. Mwishowe akamgeukia binti yake, akaanza kumfungua vifungo vya gauni ili daktari amsikilize. Binti yule aliolewa, na nilialikwa harusini.

Namshukuru Mungu aliyeniumba na kosa na akaumba pia watu wadadisi. Nawashukuru wote niliowataja, wengi wamekwisha tangulia. Siku hizi mambo ni mengine. Madaktari wanatia dawa kwenye damu wanaiona mishipa yote kwenye picha, na njia ya panya nyingine wanaiziba kwa waya mwembamba unaoingilia pajani, hata kifua hakiguswi. Nyingine ni ndogo, wanaziacha na kuzichunga tu. Kwa hiyo usisikie neno moyo ukaanza kuchimba kaburi. Mtoto akisimama katikati ya kilima, usimwite mvivu. Mlete asikilizwe. Na daktari akikueleza usielewe, mwambie arudie. Haidhuru ukionekana mjinga. Mimi nilieleweshwa kwa moyo wa ng'ombe.

Nimesema vya kutosha. Wewe mama wa leso ya kijani pale nyuma, nimekuona umeinua mkono muda mrefu. Sogea mbele na mtoto, uniulize.